Sauti ya Esteria, Sura ya Matilda

Majilio yakianza, Esteria Malimi hakupita mlangoni kwa mtu akasalimu tu na kwenda zake. Aliuliza umelima wapi, pamba imeota au mvua imekukimbia, kisha akauliza la pili: "Mwaka huu unapenda tuimbe upi?" Ukimtajia wimbo wako alikuimbia palepale, sinia la nyanya kichwani. Ukisema huna wimbo, alikupa wake na kukufundisha mpaka uushike. Pale Mwandoya aliwafundisha hivyo mafundi baiskeli, wauza dagaa, na mama Zuhura, jirani yake Mwislamu, ambaye kila Desemba aliosha vyombo huku akiguna wimbo wa Noeli na kulalamika, "Esteria, wewe utaniletea maneno msikitini."

Krismasi yenyewe, mchana baada ya misa, uwanja wake ulijaa watu. Huyu alikuja na wimbo anaoupenda, yule na simu yenye vipindi vya sikukuu vya kwaya za Mwanza na Shinyanga. Simu iliegemezwa kwenye mtungi, watu wakabanana kutazama, na ikiisha wakaanza kushindana kwaya ipi imevaa vizuri. Wimbo wa kufungia siku ulikuwa wa Esteria, na miaka yote ulikuwa huohuo.

Aliurithi kwa mama yake. Nani aliutunga hakuna ajuaye; yawezekana ni mama mwenyewe, maana hakuna kanisa lingine lililokuwa nao. Uliimbwa kwa Kisukuma, na padri mmoja wa zamani akausaidia kuhamia Kiswahili:

Fungeni ndama pembeni,
mgeni kalala majani.
Fahali, mpumulie taratibu,
mtoto hana blanketi.

Ni maneno ya wafugaji tu. Lakini Esteria alipofika kwenye "mtoto hana blanketi" alivuta pumzi katikati ya mstari, mahali ambapo mwimbaji mwingine asingethubutu, na wazee waliokuwa wakipiga soga nje ya kanisa walinyamaza.

Kazi yake ilikuwa kupika. Siku za mnada alipanga masufuria nyuma ya zizi la kuuzia ng'ombe, akapika wali, nyama na maharage kwa wafanyabiashara waliotoka hadi Bariadi na Maswa. Kuni zilikuwa vijiti vya pamba iliyong'olewa, na vikiisha, kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moshi wake hauna adabu. Ndiyo maana macho ya Esteria yalikuwa mekundu, mekundu ya siku zote, kama ya mtu aliyetoka kwenye moshi sasa hivi. Na kweli alikuwa ametoka kwenye moshi sasa hivi.

Katika nchi hii macho mekundu ya mwanamke aliyezeeka hayapelekwi kwa daktari peke yake. Yanapelekwa pia kwa mganga, na anayeyapeleka si mwenyewe. Mama yake Esteria, aliyeitwa Mwandu, alikuwa na macho hayohayo. Waliishi Ipililo. Mtoto wa jirani alikufa kwa homa, watu wakaenda kuuliza kwa mganga, na jibu likarudi na jina la Mwandu. Nyumba yao ilichomwa jua likiwa utosini, watu wakitazama, wengine wao wakiwa na majembe waliyoazima kwake asubuhi ileile. Mwandu alimbeba Esteria mgongoni akatembea mpaka Mwandoya, ambako hakuwa na ndugu. Krismasi iliyofuata alisimama mbele ya kanisa la nyasi la wakati huo, akawakazia watu macho yake mekundu na kuimba wimbo wa ndama. Esteria alikua akimtazama akifanya hivyo kila mwaka, na mama alipofariki, naye akasimama palepale.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa alipokuja Onesphory.

Onesphory alikuwa ofisa wa halmashauri, mwenyeji wa Bukoba, aliyeletwa na uhamisho. Alikuwa na besi nzito na shati lililonyooshwa hata wakati wa vumbi. Wanakwaya walimchagua kuwa mwenyekiti, na ukweli usemwe, alifanya kazi. Kinanda kilipatikana. Sare za kitenge zikashonwa. Mwaka jana akaja na wazo ambalo lilimfurahisha kila mtu: kwaya irekodi kipindi maalumu cha Krismasi, chenye nyimbo ambazo watu wenyewe wanazipenda, kisha kirushwe mtandaoni na kugawiwa kwenye makundi ya simu, ili waliohamia mbali nao waipate sikukuu ya nyumbani.

"Kila mtu ataje wimbo wake wa moyoni," alisema kwenye mazoezi. "Tutachagua kwa kunyoosha mikono."

Nyimbo zilitajwa, nyingine zikaangushwa kwa kelele na vicheko. Wimbo wa ndama ulipotajwa mikono yote ilikwenda juu. Esteria alifuta macho kwa upindo wa khanga, safari hii si kwa sababu ya moshi.

Walikwenda Bariadi kwa Fuso, wakarekodi sauti kwenye studio iliyobandikwa trei za mayai ukutani. Esteria aliimba mara moja tu. Fundi mitambo akamuuliza kama anaweza kurudia.

"Kwani nimekosea?"

"Hapana, mama. Nataka niusikie tena."

Njiani kurudi waliimba mpaka Fuso likawa kama linacheza. Onesphory, akiwa ameketi mbele na dereva, alitoa kichwa dirishani akatangaza kwamba picha za video zingepigwa baadaye, kila mtu angejulishwa siku.

Esteria hakujulishwa.

Wiki chache baadaye, siku ya mnada, rafiki yake Benedikta hakuja kumsaidia kumenya viazi. Benedikta ndiye aliyekuwa akisimama kushoto kwake kwenye kwaya tangu wakiwa wasichana. Asubuhi hiyo alituma ujumbe kwamba amekwenda msibani Lagangabilili. Jioni alipita kwa Esteria akiwa amechoka, vumbi miguuni, akawekewa wali uliobaki na mchuzi, akala. Esteria akampa pole ya msiba. Benedikta akaipokea.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi kipindi kilioneshwa ukumbini baada ya misa. Madirisha yalizibwa kwa vitenge ili mwanga usiingie, runinga kubwa ikaazimwa dukani, na watu wakabanana mpaka wengine wakakaa kwenye viunzi vya madirisha. Esteria alipewa kiti cha mbele, karibu na mzee Mayige. Mzee huyu alikuwa kipofu kwa miaka mingi, lakini hakukosa shughuli yoyote yenye nyimbo.

Kipindi kilianza vizuri. Kwaya ilionekana imesimama mbele ya boma kubwa la ng'ombe, sare zinang'aa, milima ya mawe nyuma. Esteria akashangaa kidogo. Boma lile si la Mwandoya. Akatafuta sura yake mwenyewe katikati ya wenzake, akakumbuka kwamba hakuwahi kupigwa picha. Akawaza labda kwenye wimbo wake wameweka picha yake ya zamani. Bado alikuwa akimtafutia Onesphory udhuru wakati kinanda kilipoanza wimbo wa ndama.

Aliyetokea kwenye kioo ni Matilda. Binti wa mwalimu aliyehamia kutoka Musoma, mrefu, ngozi laini, meno meupe, aliyejiunga na kwaya mwaka uleule. Alikuwa ameshika ndama kwa kamba. Akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Esteria.

Kwanza Esteria hakuelewa, kama mtu anayemwona mwingine barabarani amevaa nguo yake. Kisha ukaja ule mstari wa mtoto asiye na blanketi. Midomo ya Matilda ilifungwa mapema, naye akatabasamu. Na ile pumzi ya katikati, pumzi ya Esteria, pumzi ya Mwandu, ikasikika ukumbi mzima ikiwa haina mwenyewe.

Watu wakapiga makofi. Hapo mzee Mayige akagonga fimbo sakafuni na kushukuru kwa nguvu kwa Kisukuma, kama baba kwa mwanawe, "Wabeja, Esteria! Wabeja sana, ng'wanone! Leo umeimba kama mama yako!"

Makofi yakafa.

"Siyo Esteria, babu," mtu mmoja alinong'ona nyuma yake. "Anayeimba hapo ni Matilda."

"Matilda yupi?" mzee akafoka. "Mimi nimepofuka, sijawa kiziwi!"

Watu wengine wakacheka, wengine wakainama. Esteria akageuka polepole kutazama kwaya iliyokaa safu ya pili. Mmoja baada ya mwingine wakakwepa macho yake. Benedikta alikuwa anakunja na kukunjua leso. Ndipo Esteria akaelewa kwamba Lagangabilili hakukuwa na msiba. Kwaya yote ilijua, mpaka mpiga kayamba.

Akasimama. "Zimeni hiyo runinga."

"Mama Shija," Onesphory alisema, akimwita kwa jina la binti yake huku akiinuka kwa haraka, "tuache watu wafurahi. Hilo tutaliongea ofisini."

"Halikufanywa ofisini. Nijibu hapahapa. Kile kinywa ni cha nani?"

"Ni mambo ya kitaalamu tu, mama. Kwenye video kuna sauti na kuna muonekano. Wewe umetoa sauti, mwenzako ametoa muonekano. Ni ushirikiano."

"Mimi muonekano sina?"

"Sikusema hivyo."

"Basi sema ulivyosema. Mlikwenda siku ya mnada makusudi, mkijua nimefungwa na masufuria. Kwa nini?"

Onesphory alijifuta jasho. Pengine kama angekaa kimya mambo yangekuwa mengine, lakini alikuwa mtu aliyezoea kueleza vikao vikaelewa.

"Kipindi hiki kinakwenda mbali, mama. Dar, Arusha, hata nje. Watu wa huko hawakujui. Na watu wa huku, wewe mwenyewe ni mwenyeji, unajua imani zao. Wakiona macho..." Akasita. "Nilikuwa nakulinda."

Esteria akamsogelea.

"Unanilinda! Waliochoma nyumba ya mama yangu walikuwa wapagani, walikwenda kwa mganga wakaambiwa macho yake ni mabaya. Wewe hukwenda kwa mganga. Wewe unasoma somo la kwanza kila Jumapili! Macho yangu umeyahukumu wewe mwenyewe, bila hata kupiga ramli. Na nyie," akawageukia wanakwaya, "mlivaa sare mkapanda gari mkaenda kunizika nikiwa hai, mkarudi mkala wali wangu!"

Padri Justine, kijana mpole aliyekuwa na mwaka mmoja tu parokiani, alikuja mbele ameinua mikono. "Mama yangu, tuko kwenye Majilio. Huu ni wakati wa kusameheana."

"Padri, hajaomba. Nimsamehe nini?"

Padri akashusha mikono. Esteria akamshika mkono mzee Mayige, wakatoka.

Alitaka wimbo wake uondolewe kwenye kipindi. Onesphory akatuma jibu kwa mdomo wa katibu: kipindi kimeshapanda mtandaoni, kimeshagawiwa, maji yakimwagika hayazoleki. Ilikuwa kweli. Watu walikuwa wanarushiana kile kipindi kama peremende. Wimbo uliopendwa kuliko yote ulikuwa ule wa ndama, na ulikatwa peke yake ukasambaa kwa jina la "Matilda wa Mwandoya."

Siku ya mnada iliyofuata Esteria alisikia sauti yake kwenye simu ya dereva wa lori. Kabla haijaisha ikaanza kwenye simu ya muuza mitumba, kisha kwenye spika ya kinyozi, imechelewa maneno mawili, ikawa kama Esteria wawili wanakimbizana sokoni. Alisimama na mwiko mkononi. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, mteja wake wa siku nyingi, alimwekea simu usoni kwa furaha.

"Mama, umemsikia huyu binti wenu? Huyu ana kipaji! Nimewatumia ndugu zangu wote Kahama."

"Huyo ni mimi."

Yule bwana akatazama kioo, akamtazama Esteria, akatazama kioo tena. Akacheka kicheko cha mtu anayedhani anataniwa. "Haya mama, ni wewe. Niongezee maharage."

Hakumwongezea. Alichukua sahani yake ikiwa bado na nyama, akaimwagia mbwa, akamwambia akale anakopika huyo binti. Wali wa sufuria la pili ukaungua siku hiyo, na yeye aliyezoea kuwatania wateja hakumjibu mtu mpaka jua likainama.

Benedikta alikuja kesho yake, kabla watu hawajaenda mashambani. Alisimama nje ya uzio.

"Mwangaluka, Esteria."

Esteria aliendelea kuchambua mchele. Kwa Msukuma, kuacha salamu ya asubuhi bila kuijibu ni kofi.

"Tuliambiwa tusikuambie," Benedikta akasema. "Mwenyekiti alisema utaumia, kwamba ni bora uone kazi ikiwa imekwisha nzuri. Mimi ningefanya nini peke yangu?"

"Ungekaa nyumbani. Ungesema unaumwa. Umenidanganya kuhusu msiba, ukashindwa kumdanganya yeye kuhusu tumbo?"

"Nilikosa."

"Nilikupa pole, Benedikta. Nilikupa pole ya mtu asiyekufa, na wewe ukasema asante, ukaomba mchuzi zaidi."

Benedikta akalia. Esteria hakumfukuza wala hakumkaribisha. Alipepeta mchele wake mpaka mwenzake akaondoka, kisha akagundua kwamba amepepeta hata ule uliokuwa safi, nusu yake umelala chini kwa kuku.

Kisha akaja Matilda, ambaye siku ya kupigwa picha hakuwa anajua ukweli. Alipiga magoti kwa "shikamoo" akabaki hapohapo akilia. Kumbe yeye aliambiwa kwamba mama Shija mwenyewe amekataa kupigwa picha, kwamba anaona aibu, na kwamba amefurahi kuazima sauti yake kwa binti mdogo.

"Naapa, mama. Niliambiwa umenibariki. Watu wananipigia simu wananialika harusini nikaimbe. Nitaimba nini? Mimi sauti yangu naijua mwenyewe."

Esteria alimtazama. Alitamani sana kumchukia. Ingekuwa rahisi. "Simama," alimwambia. "Machozi yako mpelekee aliyekudanganya. Mimi hapa sina pa kuyaweka."

Krismasi ikafika na mvua ya alfajiri. Shija, binti yake anayeuza nguo Bariadi, alikuja na basi la kwanza, akamkuta mama amevaa khanga badala ya sare. Kanisani Esteria hakwenda upande wa kwaya. Alikaa benchi la mbele la waumini, mikono magotini.

Baada ya komunyo ndipo wimbo wa ndama huimbwa. Kinanda kikaanza. Onesphory akainua mkono, akamkazia Matilda macho ajitokeze. Matilda akatikisa kichwa. Kinanda kikarudia mwanzo. Onesphory akampa ishara Benedikta. Benedikta akatazama viatu vyake. Kinanda kikarudia tena, safari hii kwa kusitasita, na kanisa zima, kuanzia mabenchi ya wazee hadi wamama wenye watoto mlangoni, likageuza shingo kumtazama Esteria.

Angeweza kuimba. Wimbo ulikuwa umemjaa kooni, na hakuna kitu alichokuwa amewahi kukipenda kama dakika ile ya mwaka. Lakini alifunga mdomo, akamkazia Onesphory yale macho.

"Esteria," mzee Mayige akaita kutoka benchi la nyuma, "mbona hatuimbiwi?"

"Sina kinywa, baba," akajibu, na sauti yake ikafika mpaka altareni. "Kinywa changu wamekipeleka kwenye simu."

Hakuna aliyecheka. Mkono wa Onesphory ulishuka wenyewe. Mpiga kinanda akaondoa vidole, na Padri Justine akasimama na kusema, "Tuombe." Misa ikaisha bila wimbo wa ndama. Haikuwahi kutokea hivyo tangu siku za kanisa la nyasi.

Mchana watu walikuja uwanjani kwa Esteria, kwa woga kidogo, wakitazama kama wamekaribishwa. Mama Zuhura alileta maandazi. Mzee Mayige aliongozwa na mjukuu wake. Walianza kuimba nyimbo zao, mmoja mmoja, wakapata moto. Simu hazikuegemezwa kwenye mtungi, hakuna aliyethubutu. Matilda alikuja akasimama mbali, karibu na banda la kuku.

Ilipofika zamu yake, Esteria hakuinuka mara moja. Kisha akamwita.

"Wewe Matilda. Simu yako inapiga picha?"

"Inapiga, mama."

"Lete. Sogea. Sogea zaidi. Nataka macho yaonekane."

"Mama," Shija akasema kwa sauti ya chini, "unajua watu watakavyoandika."

"Waandike. Nani amewahi kufa kwa kuandikwa? Bibi yako walimchomea nyumba, akaimba."

Akaimba akiwa amesimama katikati ya uwanja, na hasira yote ndani yake. Wimbo ule wa upole, wa ndama na majani, ulitoka kwake siku hiyo kama amri. Fungeni ndama! Alipofika mahali pa ile pumzi aliivuta kwa nguvu, akaikazia simu macho yake mawili mekundu.

Matilda aliipandisha video ile mtandaoni, lakini haikusambaa kama ya kwanza. Wachache waliirusha. Shija alimsomea mama yake yaliyoandikwa chini yake, akitaka kuruka mengine. Esteria akamkataza kuruka. Wapo walioandika "mchawi huyu." Wapo walioandika kwamba anamwiga Matilda na hamfikii. Mtu mmoja wa Mwanza aliandika kwamba sauti hizi mbili ni moja, na kwamba walioficha sura ya huyu mama waone haya. Esteria alisikiliza yote akimenya vitunguu, akasema tu, "Hao wa mchawi, soma majina yao tena." Akayashika kichwani.

Jumapili ya Epifania, Padri Justine alimtaka Onesphory azungumze mbele ya watu. Onesphory alipanda akiwa na shati lake lililonyooshwa, akasafisha koo.

"Kama kuna yeyote aliyekwazika na kipindi chetu cha Noeli," alisema, "kwa niaba ya uongozi tunaomba radhi. Nia yetu ilikuwa njema."

Watu wakaanza kupiga makofi, wakishukuru kwamba jambo limekwisha. Esteria akasimama.

"Kama kuna yeyote?" aliuliza. "Mwenyekiti, humjui? Unipe jina langu. Useme, Esteria Malimi, nilikuficha kwa sababu ya macho yako. Ukishindwa kulisema hilo, hujaomba."

Onesphory alimtazama padri, akatazama kinanda, akatazama karatasi yake. Hakulisema. Esteria akajitanda khanga, akapita katikati ya mabenchi na kutoka, na nyuma yake akasikia mabenchi yakikwaruza sakafu. Hakugeuka kuona ni wangapi. Matilda alimfikia kwenye kona ya barabara ya mnadani, akihema, sare ya kwaya ameikunja kwapani, na mzee Mayige akaonekana nyuma yake akipapasa njia kwa fimbo na kumtukana mtu kwa Kisukuma.

Kwaya ya Mwandoya bado ipo, na ina kinanda kizuri. Wimbo wa ndama haiimbi tena. Ukiutaka, unakwenda nyuma ya zizi la mnada, kwenye masufuria, na inategemea Esteria ameamkaje siku hiyo.